Shukrani kwa Muuguzi wa Foleni ya Matatu

Dada yangu, jina lako hatukulipata, na ndiyo maana nakushukuru hadharani. Asubuhi ile ya Julai, katika Mtaa wa Tom Mboya, uliona vidole vya mama vikigeuka vyeupe kama chaki, kisha samawati, halafu vyekundu, ukamwambia kwa heshima, "Mama, hii si baridi ya Nairobi pekee." Ulitueleza kwamba mishipa midogo ya damu hujibana kupita kiasi inapokutana na baridi, hali ambayo daktari Mfaransa Maurice Raynaud aliieleza mwaka 1862, na kwamba inapoanza ukubwani, tena pamoja na viungo vinavyovimba na kukakamaa asubuhi, yafaa kuchunguza magonjwa ambamo kinga hushambulia mwili wenyewe, kama vile lupasi na skleroderma.

Daktari wa rumatolojia, yaani wa magonjwa ya viungo, ambaye wewe ndiye uliyesisitiza tumtafute, alipima damu, akakagua kwa lenzi mishipa iliyo kwenye mizizi ya kucha, akathibitisha skleroderma. Sasa mama anatumia nifedipini, inayolegeza mishipa, na anauza mboga akiwa amevaa glavu (wateja wake, nasikia, hawajaacha kumtania).

Nakushukuru zaidi kwa kuzungumza naye yeye mwenyewe, wala si mimi, na kwa kumhimiza apime shinikizo la damu mara kwa mara, kwa kuwa ugonjwa huu waweza pia kudhuru mishipa ya figo. Anapima, na daftari la vipimo analitunza mwenyewe.