Viatu vya Kwaya: Wito wa Harambee kwa Wazazi na Marafiki wa Shule, Busia, Uganda

Wazazi wapendwa, walezi, wanafunzi wa zamani na majirani zetu wa Busia,

Tunawasalimu kwa jina la Mungu. Tunajua hii si mara ya kwanza kubisha mlangoni kwenu, na tunaona haya kubisha tena. Lakini mliokuwepo siku ya wazazi muhula uliopita mliona wenyewe. Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo wa pili, wasichana wanageuka kwa pamoja, kiatu cha binti wa darasa la saba kikafungua mdomo, soli ikabaki nyuma kwenye saruji. Yule mtoto hakusimama. Aliimba na kucheza hadi mwisho, mguu mmoja una kiatu, mwingine soksi tupu, na aliposhuka jukwaani soksi ilikuwa na damu. Mama yake alikuwa amekaa safu ya mbele.

Hatutaki kumpandisha tena jukwaani namna hiyo.

Wapo wanaouliza: mbona sisi tulicheza pekupeku? Swali ni la haki. Ngoma zetu huchezwa peku, njuga miguuni, juu ya udongo, na watoto wetu wanazicheza hivyo mpaka leo. Ila kuimba kwa sauti nne huku mnacheza kwa mpango, mtindo uliokulia katika shule za Marekani, ni kazi nyingine. Mtoto huzunguka kwa ncha ya mguu juu ya saruji au mbao na bado anatakiwa ashike sauti yake. Soli ya mpira ya kiatu cha shule hung'ang'ania sakafu: mwili unageuka, mguu unabaki, goti ndilo linaloumia. Soli ya plastiki nayo inateleza. Kiatu cha kuchezea kina soli nyembamba ya ngozi, mkanda wa kukishika mguuni, na kwa wasichana kisigino kifupi na kipana. Wavulana wetu kwa sasa wanavaa viatu vya kaka zao, wamejaza magazeti mbele.

Mitumba ya soko la Owino, Kampala, tuliiangalia. Namba hazilingani na rangi ni kumi. Fundi viatu wa hapa mjini amekubali kushona jozi 24 za wasichana kwa shilingi za Uganda 60,000 kila moja na jozi 12 za wavulana kwa 70,000. Jumla ni shilingi 2,280,000. Wazazi wa wanakwaya wamekwisha kuchanga 900,000, wengine kwa kuuza kuku. Imebaki 1,380,000. Viatu hivi havitavaliwa njiani wala kwenye matope. Vitakaa stoo ya shule, na watakaokuja nyuma watavirithi.

Ninyi ndio mlioezeka ukumbi wetu mvua ilipokuwa ikinyesha juu ya madaftari. Hatujasahau, na watoto wanawaombea kila asubuhi mstarini. Kwa wale ambao ahadi zao za mwaka jana bado ziko kwenye daftari la mweka hazina, ukurasa wenu uko wazi, na bado tunawangoja kwa heshima. Mji huu unapitisha malori ya mizigo usiku na mchana. Haiwezekani ushindwe na viatu vya watoto 36.

Harambee itakuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nane mchana, ukumbini. Kutakuwa na mnada wa kuku, matoke na keki, na kwaya itaimba. Asiye na pesa alete ndizi. Ndugu zetu wa upande wa pili wa mpaka, shilingi ya Kenya inapokelewa. Asiyeweza kufika atume kwa simu; namba ya mweka hazina inapatikana ofisini kwa mwalimu mkuu. Kila mchango utaandikiwa risiti, na hesabu yote itabandikwa kwenye ubao wa matangazo kabla ya muhula kufungwa.

Fundi anataka nusu ya malipo kabla hajakata ngozi, kwa hiyo anayeweza kutoa mapema tafadhali asingoje Jumamosi.

Mungu awazidishie mlipotoa.

Kamati ya Wazazi na Walimu