Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti, 2025: Vikao vya Viongozi Wakatoliki na Wayahudi, Nairobi

Wapendwa wanachama,

Tarehe 28 Oktoba mwaka huu Nostra Aetate, tamko la Kanisa Katoliki juu ya uhusiano wake na dini zisizo za Kikristo, lilitimiza miaka 60. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, walilipitisha kwa kura 2,221 dhidi ya 88, na ibara yake ya 4 ndiyo msingi wa kazi yetu: mateso ya Yesu hayawezi kuhesabiwa kuwa kosa la Wayahudi wote wa wakati ule, wala la Wayahudi wa leo. Wapo waliotaka tuadhimishe kwa kongamano hotelini. Kamati ilikataa, nami naunga mkono uamuzi huo. Kwenye kongamano rabi (mwalimu wa dini ya Kiyahudi) na askofu huhutubia umati, hawapati nafasi ya kuulizana. Tumeshikilia vikao vya watu 12, sita kila upande, saa mbili tu, maandiko yakiwa wazi mezani.

Mada huteuliwa kwa uangalifu. Marabi wengi wa Kiorthodoksi, yaani Wayahudi wanaoshika sheria za dini yao kikamilifu, hufuata msimamo alioutoa Rabi Joseph Soloveitchik mwaka 1964: kushauriana juu ya haki na ustawi wa jamii, sawa, kujadili mambo ya ndani ya imani, hapana. Ukianza na Utatu Mtakatifu, mgeni wako hatarudi. Kifungu kilichozaa mazungumzo bora ni Kumbukumbu la Torati 24:14-15, kwamba ujira wa kibarua ulipwe kabla jua halijatua. Kila upande una wapishi, walinzi na watunza bustani wa kuwalipa, kwa hiyo hakuna aliyekosa la kusema.

Tarehe huharibu vikao kuliko tofauti za imani. Sabato huanza kabla ya jua kuzama Ijumaa, na Nairobi jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Kwa foleni za mji huu, hata kikao cha Ijumaa saa tisa ni hatari, maana Sabato ikiingia Myahudi anayeishika haendeshi gari. Jumamosi haifai, na Jumapili maparoko wana misa. Tunabaki na Jumanne na Jumatano. Mwaka huu sikukuu za Kiyahudi zilianza jioni ya 22 Septemba zikaendelea hadi 15 Oktoba. Barua zilizotumwa katika wiki hizo zilikawia kujibiwa, na si kwa sababu ya dharau.

Kuhusu chakula, muulizeni rabi mapema. Asiyeruhusu mpishi wa nje, wekeni matunda mazima yasiyokatwa, soda na maji ya chupa, sahani na vikombe vya karatasi. Kisu cha jikoni kilichokata nyama kikikata embe, tayari kuna swali. Nyama ya halali si kosha, yaani si lazima iwe inaruhusiwa kwa sheria za Kiyahudi. Kambare hafai kwa kuwa hana magamba. Msiweke divai ya zabibu bila kuuliza.

Hatuchanganyi sala. Tunafuata mfano wa siku ya sala ya dini mbalimbali iliyoitishwa na Papa Yohane Paulo II mjini Assisi, Italia, 27 Oktoba 1986: kila upande husali kwa namna yake, wengine wakitulia kimya. Zaburi itajwe kwa maneno yake ya kwanza pamoja na namba, kwa sababu Zaburi ya 130 kwa hesabu ya Kiebrania ni ya 129 kwa hesabu ya Kilatini. Kwaya isiimbe “Yahwe”. Wayahudi hawalitamki Jina hilo la Mungu, na Vatikano yenyewe iliagiza mwaka 2008 lisitumike katika liturujia.

Kinachoniuma zaidi ni mahubiri. Kwa Kiswahili chetu “Farisayo” limekuwa jina la mnafiki, ilhali marabi wa leo ni warithi wa Mafarisayo. Rabi aliyealikwa parokiani akilisikia hilo altareni, kazi ya mwaka mzima inarudi nyuma. Miongozo ya Vatikano ya 1974 ilikwisha kuonya juu ya neno hilo, pamoja na “Wayahudi” katika Injili ya Yohane.

Mwaka 2026 Pasaka ya Kiyahudi inaanza jioni ya Jumatano 1 Aprili, mkesha wa Alhamisi Kuu. Parokia zisiigize karamu ya Pasaka hiyo zenyewe. Kwa Wayahudi ni ibada iliyo hai. Anayetaka kujifunza aombe mwaliko. Kamati inapendekeza kikao cha kwanza kiwe kabla ya Jumatano ya Majivu, 18 Februari, kisha kingine wiki ya 20 Aprili. Maparoko walio tayari kupitia pamoja nasi mahubiri ya Ijumaa Kuu wamwarifu katibu kabla ya mwisho wa Januari.

Mwenyekiti