Safari ya Rubondo isiipite Geita ya zamani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu utalii wa Kanda ya Ziwa, hasa baada ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025 na kumwondolea msafiri adha ya kusubiri kivuko. Mgeni anayetoka Mwanza kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo sasa anafika haraka Sengerema, anapita Geita, anateremka hadi Nkome na kupanda boti. Katika njia yote hiyo hakuna anayemweleza kwamba anakatiza katika mojawapo ya maeneo ya kale ya uchimbaji wa dhahabu nchini. Naamini tunapoteza nusu ya safari.

Nasema hivi baada ya kuzunguka Tasmania, kisiwa kilichoko kusini mwa Australia. Upande wake wa magharibi ni pori kubwa la milima, mvua na mito, ambalo liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982, na mwaka uliofuata mahakama ya juu kabisa ya nchi ile ikazuia ujenzi wa bwawa la umeme ambalo lingezamisha bonde la mto Franklin. Pembezoni mwa pori hilo ndiko iliko miji ya machimbo: Zeehan, uliotajirika kwa madini ya fedha na risasi, na Queenstown, ulioishi kwa shaba ya mlima Lyell. Machimbo yaliposinyaa, wenyeji hawakuiacha historia yao ioze. Reli iliyokuwa ikisafirisha shaba kutoka Queenstown hadi bandari ya Strahan ilifungwa mwaka 1963, lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilifufuliwa kwa ajili ya watalii. Penye mwinuko mkali, gurudumu la meno lililo chini ya kichwa cha treni hukamata reli ya tatu iliyolazwa katikati, nayo ina meno vilevile, na treni hupanda polepole huku abiria akiutazama msitu uliozizima kwa unyevu.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba hawafichi madhara. Vilima vinavyouzunguka mji wa Queenstown vilibaki vipara kwa miaka mingi, kwa sababu miti ilikatwa kulisha tanuri za kuyeyushia shaba, moshi wa salfa ukaua mimea iliyosalia, na mvua ikamalizia kwa kuukokota udongo. Mabaki ya mgodi yalimwagwa mitoni kwa miongo mingi hadi yakafika kwenye ghuba ya Macquarie. Mgeni huelezwa hayo yote, pamoja na habari za wachimbaji 42 waliokufa katika moto wa chini ya ardhi mwaka 1912.

Sisi tuna simulizi ya uzito huohuo. Dalili za dhahabu ya Geita zilijulikana tangu enzi za Wajerumani. Mgodi wa zamani ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza uzalishaji mwaka 2000. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku mgodi ule ulipofungwa leo anakaribia 80. Kwa hiyo jambo la haraka kuliko yote, hata kabla ya kufikiria jengo la makumbusho, ni kuwarekodi wazee hao wakieleza walivyoingia chini, walivyolipwa na walivyoishi kambini. Wachimbaji wadogo nao wasiachwe nje: mgeni aonyeshwe duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, asikie karasha likisaga mawe, na aelezwe bila kuzungushwa kwamba zebaki inayotumika kukamatia dhahabu ni hatari kwa mchimbaji, na pia kwa ziwa linalotupa sangara na dagaa.

Akitoka hapo, Rubondo itamwingia vizuri zaidi. Kisiwa hicho, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 1977, sehemu yake kubwa ni msitu. Kina nzohe (swala wa kwenye vinamasi), tembo na ndege wa majini wasiohesabika, pamoja na sokwe waliotokana na wale walioletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969, wengi wao wakiwa wameishi vizimbani, na ambao walijifunza upya kujitafutia chakula porini. Naona ni ajabu njema kwamba sokwe wa kwanza walifikishwa Rubondo mwaka uleule mgodi wa Geita ulipofungwa.

Ninaomba mkoa wa Geita na mamlaka ya hifadhi wakae pamoja, waandae safari moja yenye waongozaji vijana kutoka Geita na Nkome, na kuwe na boti ya ratiba siku za mwisho wa wiki kwa nauli ya kila abiria, maana kukodi boti nzima ni mzigo usiobebeka kwa familia ya kawaida ya Mwanza inayotaka kukiona kisiwa chake.

Msomaji wako,
Nyegezi, Mwanza