Yah: Kupigwa msasa na vanishi kwa sanamu ya kale ya mwanzi niliyowaletea kuzibwa ufa

Kwa Meneja,
Karakana ya Ukarabati wa Samani,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Juzi Jumamosi nilikuja kuchukua sanamu niliyoiacha kwenu tarehe 3 mwezi huu. Kijana wa mapokezi aliitoa kwenye boksi kwa furaha, akaniambia, "Mama, tumekung'arishia, sasa imekuwa mpya." Nilikaa kwenye benchi lenu nikakosa la kusema.

Stakabadhi ninayo. Fundi wenu ameandika kwa mkono wake: "kuziba ufa wa chini tu." Hilo "tu" nilimwomba mimi aliongeze. Ufa wenyewe uliletwa na kiyoyozi: mwanzi hunywa unyevu ukatanuka, hewa ikikauka husinyaa na kupasuka. Ilikuwa kazi ya gundi kidogo.

Naomba mjue mlichokigusa. Huyo ni Shoulao, mzee wa maisha marefu wa Wachina, mwenye paji kubwa la uso na tunda la pichi mkononi, urefu wake sentimita 18. Hakuchongwa kwa mti, bali kwa kile kipande cha mwanzi kinachokaa ardhini, pale mizizi inapotokea. Ni uchongaji uliojengewa sifa Jiading, karibu na Shanghai, na ukoo wa Zhu enzi za wafalme wa Ming (1368–1644): babu, mwana na mjukuu. Vile vidoa vya duara mgongoni mwa joho, ambavyo fundi alidhani vimetobolewa na wadudu akavijaza puti, ni alama za vijizizi vilivyokatwa. Mchongaji aliviacha makusudi.

Halafu rangi. Mwanzi mpya ni wa njano hafifu. Wetu ulikuwa umeshaiva, una wekundu wa asali, kwa miaka na kwa mikono ya watu walioushika. Wachina huuita utando huo baojiang, na hakuna vanishi inayoweza kuurudisha. Marehemu baba alikuwa akimpangusa kila Ijumaa kwa kipande cha kanga kikavu, na sisi watoto tulimwita Babu. Leo nyusi za Babu upande wa kushoto hazipo, msasa umezila. Kwenye mikunjo ya mkono wa joho vanishi imeganda kama shira.

Lililoniumiza kuliko yote liko chini ya kitako. Baba alimnunua Beijing miaka ya 1970, alipopelekwa kusomea mambo ya reli wakati TAZARA inajengwa. Palikuwa na tone la lakiri nyekundu, ile nta ya kupigia mhuri, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, lenye chapa. Ndiyo alama ya serikali ya China kwamba kitu kimekaguliwa na kuruhusiwa kutoka nchini. Vya kabla ya 1795 vilikatazwa kabisa kutoka, ndiyo maana hatukuwahi kujidai kwamba chetu ni cha Ming. Risiti ya duka ilisema karne ya 19, nasi tuliridhika. Ile lakiri ndiyo ilikuwa hati yake. Fundi ameikwangua kwa kisu, eti ilizuia sanamu isikae sawa.

Nataka mnirudishie shilingi 180,000 nilizolipa. Nataka pia mniandikie, kwa saini yenu, jina la vanishi na puti mliyotumia, maana mtaalamu wa kuhifadhi vitu vya kale hawezi kuanza kuvitoa bila kujua ni nini. Fidia tutaizungumza ana kwa ana baada ya yeye kuikagua sanamu. Nawapa siku 14. Sitaki mjitolee kuirekebisha tena.

Na vipande vya lakiri, kama bado vimo kwenye vumbi chini ya meza ya fundi, nawaomba msifagie. Nitakuja Jumatatu asubuhi kuvitafuta mwenyewe.

Mteja wenu,
(Saini)