Kabla hujalipia ile randa ya inchi 15

Igoma, Mwanza

Fundi mwenzangu,

Salaam sana, na poleni na shughuli huko Sengerema. Ujumbe wako niliupata, na picha za mashine nimeziangalia moja moja. Unauliza kama uuze ile randa yako ndogo ya juu ya meza ununue hii ya kusimama chini, mashine ya kutolea unene inayopokea mbao za upana wa hadi inchi 15. Nimeona nikuandikie kwa kirefu, maana hela yenyewe umeichanga kwa jasho.

Mashine kubwa unaihitaji, hilo sibishani nalo. Ile ndogo mota yake ni ya kaboni, inapiga kelele mtaa mzima, na ukiipa mninga mpana inabidi ule nusu milimita nusu milimita au inazima. Mashine nzito yenye mota ya nguvu za farasi 3 inakula bila kulalamika, na kwa kuwa haitikisiki, hata ule mchimbo wa mwishoni mwa mbao, pale visu vinapochimba zaidi, unapungua sana.

Ila milango uliyonitumia picha, ile ambayo kona moja haikai kwenye fremu, haitaponywa na inchi 15. Chukua moja ya hizo mbao za fremu ambazo hujaziunga. Laza fito mbili zilizonyooka juu yake, moja kila mwisho, kisha chuchumaa utazame kwa jicho moja. Fito zikipishana, mbao imejisokota. Sasa ukiiingiza hivyo kwenye mashine ya unene, rola zinaikandamiza mpaka ilale, visu vinapita, na ikichomoka upande wa pili inarudi kujisokota kama ilivyokuwa. Imekuwa laini na nyembamba tu. Mashine ya unene inafuata uso wa chini. Kama uso wa chini si mnyoofu, wa juu hauwezi kunyooka. Paini ya Buhindi ndiyo inayotutesa zaidi, kwa sababu tunaletewa ikiwa mbichi. Mbao ikikauka karakanani ndipo inapoonyesha tabia yake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: tafuta mashine ya mbili kwa moja, yenye meza ya juu ya kunyooshea uso na chini yake pa kutolea unene, hata kama upana wake ni inchi 12 tu. Ubao unaozidi inchi 12 unaupata mara ngapi siku hizi? Meza na milango yetu tunaunga vipande. Meza ya juu utaigusa kila siku ya kazi. Mimi tangu niwe nayo, milango yangu inafunga bila kusukumwa na goti, na nikikuambia hivyo nasema kwa furaha kabisa.

Kama moyo umeshaganda kwenye ile ya 15, ipo njia. Tengeneza kitanda cha plaiwudi nene iliyonyooka, laza mbao juu yake, ziba mianya kwa kabari ndogo ili isichezecheze, kisha pitisha vyote pamoja. Uso wa juu ukinyooka, toa kitanda, geuza mbao. Inafanya kazi vizuri, ila inakula muda, na kwa oda ya milango kumi utachoka.

Jambo la umeme lisome mara mbili. Muuzaji anasema mashine imetoka Japani. Kabla ya bei, mwombe picha ya kibati cha mota. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, na upande wa Tokyo ni hertz 50 wakati Osaka ni 60; karakana zao zinatumia sana fezi tatu za volti 200. Wetu ni volti 230, hertz 50, na fezi tatu ni 400. Mota iliyotengenezwa kwa hertz 60 tu, hapa kwetu inapoteza moja ya sita ya mwendo wake, na inachemka. Kubadilisha mota ni gharama, iingize kwenye bei. Na hata ikiwa ya 230, usiichomeke kwenye soketi ya kawaida ya 13A. Farasi 3 ni kama kilowati 2.2, na wakati wa kuwaka inavuta mara kadhaa ya hapo. Fundi umeme akuvutie laini yake yenyewe kutoka kwenye bodi, na breka yake.

Visu: ukipata kichwa chenye vile visu vidogo vya mraba vya kabaidi, ongeza hela uchukue. Kila kimoja kina makali manne. Kimoja kikipata pengo unakilegeza na kukigeuza robo, basi. Wewe unayependa mvule unajua mawe ya chokaa yanayojificha ndani yake. Na zile mbao za mitumbwi chakavu unazookota mwaloni, chomoa misumari yote na ukwangue kalafati, yale mapamba ya kuzibia mianya, kabla hazijafika karibu na mashine. Ukiranda mvule vaa barakoa, vumbi lake linakaba kifua.

Maranda yatakuwa mengi kuliko ulivyozoea. Ya paini kavu wafugaji wa kuku watayafuata wenyewe.

Usilipe kwanza. Panda gari Jumamosi, siku hizi darajani Kigongo ni dakika chache tu, njoo na mbao zako mbili zilizojisokota. Tuzipitishe kwenye yangu, ujionee. Ukiamua, nitakutafutia Fuso ya kuivusha na vijana wa kuibeba, maana vyuma hivi si vya kubebwa na watu wawili.

Msalimie sana shemeji na watoto.

Ni mimi ndugu yako,
Fundi wa Igoma