Kwa nini hatukupi tarehe ya upasuaji siku ya kwanza

Wiki iliyopita mama mmoja alitoka hapa kliniki amekasirika. Alikuja na picha zake za MRI, kipimo cha sumaku kinachoonyesha ndani ya mwili, akazitandaza mezani kabla hata hajaketi. Ugonjwa alikwisha kuujua: pingili ya nne ya kiuno, yaani mfupa mmoja wa uti wa mgongo, imeteleza mbele, juu ya ya tano. Alichotaka ni tarehe ya kufungwa vyuma vya kuzishikilia pingili hizo. Tulipomwambia apige kwanza eksirei akiwa amesimama, apimwe uimara wa mifupa na damu, alisema, "Nyie mnazungusha watu ili mle hela."

Maneno hayo tumeyasikia mara nyingi, na kila mara yanatuuma, kwa sababu vipimo hivyo ndivyo vinavyomwepusha mgonjwa na gharama kubwa kuliko zote, yaani kupasuliwa mara ya pili.

Kuteleza kwa pingili kwa sababu ya umri hutokea zaidi kwa wanawake, kwa kawaida baada ya miaka 50, na mara nyingi ni hapo hapo kati ya pingili ya nne na ya tano. Diski, ule mto laini ulio kati ya pingili, inasinyaa, viungo vidogo vya nyuma ya pingili vinachakaa na kulegea, basi pingili ya juu inasogea mbele taratibu. Kwa kuwa inasogea pamoja na upinde wake wa nyuma, njia ya mishipa ya fahamu inabanwa. Chukua bangili mbili uzipange, kisha sukuma moja kidogo: tundu la katikati limekwisha kupungua. Ndiyo maana mteremko mdogo tu unatosha kumfanya mtu ashindwe kutembea. Miguu inakuwa mizito, inawaka, inaingia ganzi, mpaka aketi au ainame ndipo apate nafuu.

Sasa, MRI hupigwa mgonjwa akiwa amelala chali. Mgongo umepumzika, uzito wa mwili haupo, na pingili iliyolegea inaweza kurudi mahali pake kimya kimya. Ripoti inaandikwa kwamba mteremko ni kidogo, au haupo kabisa. Tukimsimamisha mgonjwa yule yule, tukamwinamisha mbele na kumrudisha nyuma huku tukipiga eksirei, tunaiona ikitembea. MRI inatuonyesha mishipa iliyobanwa, eksirei ya kusimama inatuonyesha kama pingili imetulia au inacheza. Moja haiwezi kuchukua nafasi ya nyingine.

Tulimpokea mzee mmoja aliyekwisha kupasuliwa kwingine. Alitanuliwa njia ya mishipa tu, bila kuunganishwa pingili, na kipimo cha kusimama alikikataa mwenyewe kwa kuona ni matumizi yasiyo na maana. Kwa miezi kadhaa alitembea vizuri, kisha maumivu yakarudi makali kuliko mwanzo. Eksirei ya kwanza aliyopiga akiwa amesimama aliipiga kwetu, na pingili ilikuwa inacheza waziwazi. Upasuaji wa pili si marudio ya wa kwanza. Makovu yanakuwa yamegandana na utando unaofunika mishipa, inabidi kuyatenganisha nyuzi kwa nyuzi, na utando ukichanika maji ya uti wa mgongo yanavuja. Saa za chumba cha upasuaji zinaongezeka, siku za wodini zinaongezeka, na bili inafuata.

Msielewe kwamba kila aliyeteleza afungwe vyuma. Hapa hata mabingwa hawajakubaliana. Mwaka 2016 jarida la tiba la New England lilichapisha tafiti mbili kwa pamoja. Ya Uswidi haikuona faida ya kuongeza kuunganisha pingili juu ya kutanua njia, ya Marekani iliona faida kiasi. Mwaka 2021 Wanorwei walifuatilia wagonjwa 267 kwa miaka miwili, na waliotanuliwa njia tu hawakuwa nyuma ya waliounganishwa. Kwa hiyo kama pingili yako imetulia na shida kubwa ni miguu, huenda tukakushauri upasuaji mdogo, wenye bei ndogo. Wapo wateja wanaodhani tunawanyima vyuma, na wapo wanaodhani tunawalazimisha. Uamuzi wetu unatoka kwenye zile picha za kusimama. Na wengi hawafiki hata huko: mazoezi tiba, dawa, kupunguza uzito, wakati mwingine sindano ya steroidi mgongoni, wanarudi kwenye shughuli zao.

Kuna pia suala la mapigo ya miguuni. Watu hushangaa daktari wa mgongo anapowashika kifundo cha mguu na kutulia. Bwana mmoja alikuja na MRI inayoonyesha mteremko halisi, na miguu ilimuuma akitembea. Lakini yeye akisimama tu wima maumivu yanakwisha, hahitaji kuketi wala kuinama. Mapigo ya mguu wa kulia hayakupatikana. Mshipa wake wa damu ulikuwa umeziba. Tungemfunga skrubu angeamka na maumivu yale yale, na mguu ukiendelea kukosa damu.

Kuhusu mifupa, yule mama alidhani ni kipimo cha kujazia bili. Wanaoteleza pingili wengi ni wanawake waliokwisha kukoma hedhi, na hao hao ndio mifupa yao hupungua uimara. Skrubu kwenye mfupa dhaifu ni msumari kwenye mti uliooza: leo imeshika, kesho inalegea. Tukiugundua udhaifu huo mapema, tunaanza dawa za kujenga mfupa na vitamini D, tunangoja miezi, kisha tunapasua.

Na hapa ndipo wengi wanapotuelewa vibaya. Vyuma havikuunganishi. Kazi yake ni kushikilia pingili zisicheze wakati mfupa tuliopandikiza unaota na kuzifanya kitu kimoja, na hilo huchukua miezi 6 hadi 12, mara nyingine zaidi. Mwaka 1911 huko New York, madaktari Hibbs na Albee walianza kuunganisha pingili kwa mfupa peke yake, bila skrubu. Mfupa usiposhika, vyuma vinabeba mzigo peke yao mpaka vilegee au vikatike.

Adui mkubwa wa mfupa huo ni nikotini. Bwana mmoja wa makamo alituapia ameacha sigara, kumbe aliacha siku tatu kabla ya kulazwa na akaanza tena wiki ya pili nyumbani. Mwezi wa kumi baada ya upasuaji, skrubu mbili zilikuwa zinacheza. Alitulaumu kwamba tumemwekea vyuma duni. Tulimwonyesha picha zake zote kwa mpangilio, akanyamaza, kisha akatuambia ukweli. Tulimpasua tena, na safari hii tulimpima damu kwanza kuona kama ina nikotini. Ndiyo maana siku hizi tunataka angalau wiki 4 bila sigara, ugoro wala tumbaku ya aina yoyote kabla, na miezi kadhaa baada. Sukari nayo ishuke kwanza, kwa sababu kidonda cha mgongo kikiingia wadudu vyuma vyote viko hatarini.

Haya yote ya kungoja yana mpaka wake. Ukipata ganzi sehemu za siri na makalioni, mkojo ukakataa kutoka au choo kikatoka bila kujijua, au mguu ukalegea ghafla, usingoje miadi. Nenda hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Wengine, mkija njooni na picha zote za zamani hata zilizochakaa, orodha ya dawa zote mnazomeza zikiwemo za kienyeji, na jibu la kweli kuhusu sigara. Yule mama alirudi jana na eksirei ya kusimama. Kipimo cha mifupa anafanya Alhamisi.