Holes si hadithi ya kuchekesha tu

Mhariri,

Wasomaji wengi wa Holes, riwaya ya Louis Sachar iliyotoka 1998, huisifu kwa vituko vyake na jinsi mafumbo yanavyofumbuka mwishoni. Wengine hulalamika kuwa sadfa zimezidi. Naona wote wanalipita jambo kubwa.

Katika kambi ya Green Lake, Texas, wanakopelekwa wavulana waliohukumiwa kwa makosa, kila mvulana anachimba shimo moja kwa siku, kina futi 5 na upana futi 5, akilipima kwa beleshi lake, eti apate kuwa mtu mwema. Kumbe mkuu wa kambi anatafuta hazina. Stanley, mhusika mkuu, yumo humo kwa kosa la kuiba viatu ambavyo hakuiba.

Lakini anayeniuma ni Zero, mvulana mwenzake kambini. Hajui kusoma, hana mzazi wa kumuulizia. Anapotorokea kwenye nyika ile kavu, mkuu anaamuru kumbukumbu zake zote zifutwe, kana kwamba hakuwahi kuzaliwa. Hapo kuna kichekesho gani?

Nawaomba walimu wa sekondari waisome na wanafunzi wao, wakae muda mrefu kwenye sura hiyo.

Msomaji,
Morogoro